Nungwi, Pahala pa Kupumzika

Wanaosema Nungwi imeharibika hawajui raha. Kijiji kile cha ncha ya kaskazini ya Unguja kilikuwa na kero: kutwa mafundi wa majahazi wakitoboa mbao kwa keke na kugonga kalafati. Nani apumzike hapo? Sasa, alhamdulillahi, spika za baa zimewafunika.

Mvuvi naye amestaarabishwa. Zamani alikatiza ufukweni na mishipi yake hovyo, utadhani kwao. Leo mlinzi humuuliza kwa adabu, “Shikamoo mzee, unamtafuta nani?” Ngalawa yake imepakwa rangi, inapeleka wageni kutazama jua likizama, kazi ambayo jua lilikuwa likiifanya bila usimamizi wowote. Na changu wake, akishavuka ukuta wa hoteli na kukamuliwa ndimu, hupanda cheo kiasi kwamba aliyemvua hawezi tena kukaa naye meza moja.

Bwawa la kuogelea limechimbwa hatua chache tu kutoka Bahari ya Hindi. Ni busara: bahari ina chumvi, halafu ina wenyeji.

Historia? Imehifadhiwa vizuri sana. Dau zee limesimamishwa mapokezi, limejaa taulo.