Mhadhara wa Hadhara Kuhusu Ulafi wa Probox

Waheshimiwa madereva, makanga, abiria mliobanana huko nyuma, na nyinyi mama zangu wa ndizi! Nimeichagua Keroka makusudi. Mji huu umekaa mpakani, upande huu Kisii, upande ule Nyamira, na kaunti hizo mbili zimezoea kugombania ushuru wa soko lake. Sasa zitapata cha maana cha kugombania, nacho ni mimi. Shahada ya Udaktari wa Mafuta nilijitunuku mwenyewe, baada ya kutafuta kote na kukosa mtu mwenye hadhi ya kunitunuku.

Mada ni hii: kwa nini Probox, gari lililozinduliwa na Toyota mwaka 2002 kwa ajili ya vijizigo vya maduka na ofisi, linasifika kote kwa kubana mafuta, lakini likishika njia ya Nyamira linakunywa kama limerogwa?

Wasomi wa juujuu wanasema ni uzito. Wanahesabu: viti vya watu watano, abiria kumi na mmoja, magunia ya mboga za chinsaga kwenye buti, na vinyago vya mawe ya Tabaka juu ya paa. Halafu wananitajia Isaac Newton, eti mzigo ukipandishwa mlima unadai nguvu, na nguvu hiyo hutoka tangini. Mabibi na mabwana, Newton alifariki mwaka 1727 bila kupanda hata gari moja la Ogembo. Tumwache apumzike.

Uchunguzi wangu umefichua chanzo halisi: gari husikiliza redio. Kila tarehe 14, mamlaka ya nishati, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta. Kuanzia tarehe 15, petroli ya shilingi mia tano iliyokuwa ikifika Kebirigo huishia njiani. Injini ni ileile, dereva ni yuleyule, barabara haijasogea. Kilichobadilika ni moyo wa gari. Dawa yake ni kuzima redio mapema tarehe 14.

Kuna mpinzani wangu mmoja, kijana wa gereji mwenye kikompyuta, ambaye amekuwa akipotosha umma. Anadai kwamba huwezi kutibu ulafi usioupima: ujaze tangi, uandike namba ya kilomita, uendeshe, ujaze tena, kisha ugawanye kilomita kwa lita ulizoongeza. Kujaza tangi! Dereva anayenunua mafuta ya mia mbili mia mbili, taa ya tangi ikiwaka tangu Krismasi, aanze kugawanya! Tena anasema tairi lenye upepo mdogo hulizuia gari, na kwamba kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva. Nilikwenda kukitazama kibandiko hicho. Kilikuwa kimefunikwa na picha ya mwanasiasa, nami siwezi kumbandua mheshimiwa.

Halafu kuna ile taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini. Kijana anasema ikiwaka huenda sensa ya oksijeni kwenye ekzosi imechoka, kompyuta ya gari ikapotea hesabu na kumwaga petroli kupita kiasi. Au plagi zimekwisha, na petroli inatoka bila kuungua vizuri. Kupima anataka pesa. Mimi nimeitibu taa hiyo kwa kipande cha solotepu nyeusi, upana wa ukucha, na haijaonekana tena.

Kwenye mteremko nafundisha fri: toa gea, gari lishuke lenyewe kwa baraka za Mungu. Kijana anabisha hata hapo. Kwake, ukiwa kwenye gea na mguu umetoka kwenye eksileta, injini ya kisasa hukata petroli kabisa, lakini ukiweka fri inalazimika kunywa ili isizime, na breki zinabaki peke yake kulizuia gari lote. Nilimuuliza ana miaka mingapi. Alipojibu nikafunga mjadala.

Lakini ugunduzi wangu mkuu ni homa ya magurudumu. Siku moja nilikuwa nimeketi sambaza, yaani kwenye kiti kimoja na dereva, yeye bega nje ya dirisha, mimi paja langu limekaa chini ya hendibreki, nayo imeinuka nusu kwa kukosa pa kulala. Tulipofika nikagusa rimu ya nyuma: moto! Ya mbele ilikuwa vuguvugu tu. Harufu ikatoka kama ya ukwato unaoungua. Nikaagiza maji yamwagwe, homa ikashuka. Yule kijana akacheka, akasema breki za nyuma zilikuwa zimeshika safari nzima, injini ikisukuma gari lililozuiwa, na kwamba nikiondoka hapo nilipoketi hendibreki itaweza kushushwa na mafuta yatapungua kuliwa. Yaani tiba ya gari ni kumshusha daktari! Elimu ya siku hizi imefikia hapo.

Maswali hayaruhusiwi. Ada ya mhadhara mpeni makanga, mimi sishiki pesa mkononi. Wa Nyamira wapande sasa hivi, gari limebakiza mtu mmoja tu, ubavuni pa dereva.