Shefu, Hii Lava Si Yangu

Mimi sheria sizijui, ndugu yangu. Sheria ndizo zinazonijua mimi. Zinajua jina langu, avenyu yangu, namba ya mlango, hata saa yangu ya kula. Konvokasyo, ile barua ya kuitwa ofisini, hailetwi ukiwa kazini. Inaletwa ukiwa na tonge la fufu mkononi, sombe inakutiririka kidevuni, na kijana wa pikipiki amesimama mlangoni anasema, "Papa, tia sinyatire hapa." Unatia. Hujui umekubali nini. Mawese yanabaki kwenye karatasi, na hilo nalo, niliambiwa baadaye, ni kuharibu dokima ya Leta, yaani ya serikali.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kifaransa. Si kile Kifaransa chetu cha kuagizia bia kwenye nganda. Kifaransa cha suti na tai. Nikampelekea mtoto wa jirani, yule anayemaliza imanite, yaani sekondari, aisome. Akaanza kwa kucheka. Sipendi mtu anayesoma karatasi yangu akianza kwa kucheka.

Makosa yalikuwa matatu. Ukuta wangu wa mawe umetoka nje ya alinyema. Mbele ya nyumba hakuna espas ver, yaani majani na maua. Mbao za nyumba hazina rangi.

"Alinyema njo nini?"

"Mustari, papa."

"Huo mustari uko fasi gani?"

"Hawakuandika."

Sasa, kwa faida ya msomaji wa mbali anayedhani kiwanja ni kitu unachokikuta mahali ulipokiacha, acha nieleze. Tarehe 17 Januari 2002 mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulipasuka ubavuni. Lava ikashuka mpaka mjini kwetu Goma, ikakata kiwanja cha ndege, ikapita katikati ya biashara za watu, ikala katedrali ya Saint Joseph, ikaishia ziwani. Na njiani ikanipitia mimi. Tulikimbilia Gisenyi, Rwanda, na godoro moja. Tuliporudi, avenyu haikuwepo. Kulikuwa na jiwe jeusi tu, linatoa moshi, limepanda juu kuliko kimo changu. Mama watoto anasema kimo changu si kipimo cha kitu chochote, lakini tuache hayo.

Nikajenga juu yake. Wote tulijenga juu yake. Ndiyo maana leo naishi gorofa moja juu ya kiwanja changu. Chini ya kitanda kuna sebule yangu ya zamani. Kule nyuma, ukiinama, utaona sentimita chache za juu za mlango wangu wa kwanza, fremu na bawaba moja. Watoto wanaweka viatu hapo.

Nilijenga kwa mbao. Wageni wanafikiri ni umaskini. Ni umaskini, ndiyo, lakini na akili imo. Msingi huwezi kuchimba kwenye lava, na mbao mlima ukinguruma unazing'oa, unapakia juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, unakwenda zako. Tarehe 22 Mei 2021 iliponguruma tena, lava ikasimama Buhene, haijafika kwetu. Mimi nilikuwa nimeshang'oa ukuta wa jikoni. Majirani wakanisaidia kuurudisha huku wakiuliza maswali ambayo hayakuwa ya lazima.

Basi wakaja wapimaji. Walikuja wawili, na metri ya kukunjua, na kamba, na shefu wa nyumba kumi nyuma yao, amevaa koti siku ya jua. Kabla metri haijafunguka nilikuwa nimeshalipa transpor. Baada ya kufunguka nikalipa maji. Maji yenyewe yalikuwa na povu na kizibo.

"Papa, borni iko fasi gani?"

Borni ni lile jiwe la saruji la mpaka. Langu lilipandwa zamani, mbele yangu, na mtu mwenye kofia.

"Iko chini, shefu."

"Chini fasi gani?"

"Chini tu. Chini ya lava."

"Bon. Tunapenda kuiona."

Nikamwambia na mimi ningependa. Akaandika kitu. Nikaona ameandika kirefu kuliko nilichosema.

Kwa vile borni haionekani, wakapima kuanzia barabara. Lakini barabara nayo si ile. Ile iko chini na borni yangu, zimelala pamoja. Hii ya sasa ilianza kwa miguu ya watu wanaotafuta pa kupita, lava ikiwa bado inaunguza soli, halafu pikipiki, halafu niveleze, ile mashine ya kusawazisha barabara, ikaja kubariki. Ikapinda pale palipokuwa na jiwe gumu. Sasa metri inaanza kwenye ile kona, inapita ukuta wangu, inakatiza chumba cha watoto, inatoka dirishani, inakwenda moja kwa moja mpaka chooni.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana choo hiki si cha kupita haraka. Kuchimba choo Goma si kazi ya jembe. Unaita vijana na burini na nyundo kubwa, wanagonga kutwa nzima, jioni unaonyeshwa shimo ambalo kuku akiingia anatoka mwenyewe. Nilichimbisha choo hicho kwa pesa za harusi ya mdogo wangu. Hajanisamehe. Kila mgeni akija namwonyesha choo kabla ya kiti.

Yule mpimaji akavuta metri mpaka mlangoni pa choo, akabisha kwa kalamu. Mama watoto alikuwa ndani. Akasema, "Kuko mutu." Mpimaji akasema, "Mama, hatukuje ju ya ile, tunatafuta alinyema." Kimya. Halafu sauti ikatoka ndani, taratibu: "Humu haiko." Shefu wa nyumba kumi akaangalia milima. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Mpimaji akasubiri, metri imenyooka, mtaa mzima umesimama juu ya ukuta wangu wenye makosa unatazama. Mama watoto akatoka na birika lake, akairuka ile metri bila kumsalimia mtu, akaingia jikoni. Jioni ile nilikula kilichobaki.

Matokeo: choo changu kiko katikati ya barabara. Si kwa macho. Kwenye ramani.

Nikaitwa ofisini. Ofisi siitaji, mnaijua, ile ya benchi lenye msumari. Siku hiyo nilikuwa nimejiandaa. Mtoto wa imanite alikuwa amenifundisha kwamba kuna sheria ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema udongo wote wa nchi ni mali ya Leta, sisi wananchi tunapewa tu konsesyo. Mkongomani anaweza kupata ya milele. Nyingine hazizidi miaka 25, ila zinaweza kufanywa upya. Nikafurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu nimeishi chini ya mwenye nyumba anayezijua hesabu hizo. Nyiragongo ilipasuka 1977, ikarudi 2002. Miaka 25 kamili, konsesyo imeisha. Halafu ikaja 2021, kabla ya muda. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata mlima siku hizi hauheshimu kontra.

Nikamwambia yule bwana wa mezani: "Shefu, udongo ni wa Leta?"

"Njo hivi."

"Lakini lava ilikuja juu ya udongo. Haikuwepo 1973. Hii lava ni ya nani?"

Aliweka kalamu chini. Nilimwona anafikiri kweli, na nikajisikia mtu. Akasema: "Ikiwa na faida, ni ya Leta. Ikisumbua, ni ya mwenye kiwanja."

Nikaona nitoe hoja kubwa niliyokuwa nayo. Kabla ya hapo alikuwa amepita nyumbani kijana mmoja wa yunivasiti, na daftari na miwani, anaandika kazi juu ya patrimwani, yaani urithi. Aliuona ule mlango wangu uliozikwa, akapiga magoti. Mtu hajawahi kupiga magoti kwangu. Akatoa viatu vya watoto, akapiga picha, akasema huu ni ushahidi wa historia ya mji. Akasema kuna sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971, na Goma hatujali, ile Hôtel des Grands Lacs ya wakati wa Wabelgiji nani anaiulizia? Nikasema na mimi ninauliza. Sikuwa nimeuliza hata siku moja. Akaniagiza nisivunje hata kipande cha lava. Jirani yangu, ambaye anavunja lava yake kokoto na kuiuza kwa debe, alisikiliza hayo yote huku akigonga.

Shemeji yangu aliyeolewa Zanzibar naye alishanipigia simu kunitambia. Kwao Mji Mkongwe umeandikwa UNESCO tangu mwaka 2000. Huwezi kubadilisha mlango bila ruhusa. Nikamjibu sisi milango yetu imehifadhiwa zaidi, iko chini ya lava, hata mwizi hapati ruhusa. Akakata. Labda ni reseau.

Basi nikayachanganya yote kichwani, nikasimama mbele ya meza ile nikasema: "Shefu, Nyiragongo iko ndani ya Parke ya Virunga?" Iko. "Na Parke ya Virunga ni urithi wa dunia tangu 1979?" Ni kweli. "Tembo akitoka parke akala mahindi yangu, naruhusiwa kumpiga?" Hapana, utafungwa. "Basi shefu, na hii lava ilitoka parke. Ilikuja yenyewe, sikuiita. Mimi nani nivunje urithi wa dunia nipande maua?"

Ofisi ilinyamaza. Mama mmoja kwenye benchi akasema "Eeh!" Nilitamani mama watoto angekuwepo.

Yule bwana akavuta droo. Akatoa daftari jingine, la kijani.

"Kwa hivyo papa, unakubali unaishi mu parke."

"Namna gani?"

"Kuishi mu parke njo kosa. Kujenga mu parke njo kosa. Kuchimba choo mu parke..." Akaniangalia kwa huruma. "Amandi yake unaijua?"

Amandi ni faini. Nikaikana lava yangu palepale. Nikasema ni jiwe la kawaida, sijui limetoka wapi, labda lililetwa na lori. Nikamwomba, kwa heshima na unyenyekevu, anirudishie yale makosa yangu matatu ya kwanza. Alinirudishia mawili. La alinyema akasema faili lake bado linasomwa.

Kuna mtu alinishauri niuze nihame. Akanipeleka upande wa magharibi, kule kwenye ziwa, kiwanja cha bei ya chini, bondeni, majani mabichi kila mahali. Nikamuuliza kwa nini ni rahisi hivyo. Akaangalia pembeni. Mazuku, ndugu yangu. Ile hewa nzito ya volkeno inayotuama kwenye mabonde, asubuhi unakuta mbuzi amelala haamki, na si mbuzi tu. Na bado watu wananunua, wanajenga, wanazaa. Huko hakuna aliyeandikiwa konvokasyo ya rangi ya mbao. Nikarudi kwenye jiwe langu.

Rangi nimepaka. Upande wa barabara tu, kopo lilikomea kwenye dirisha. Espas ver ndiyo iliyonimaliza. Leta ikipenda kupamba mji inasimamisha chukudu la dhahabu katikati ya rompwa, ile njia panda ya mviringo, na halihitaji maji. Mimi natakiwa nioteshe vitu hai juu ya kaa la mawe. Udongo wa Goma unanunuliwa, kwa taarifa yako. Kwa gunia. Unakuja juu ya chukudu kutoka kwa watu wenye bahati ya kuwa na udongo, na mwenye chukudu anakuuliza unataka wa mboga au wa maua, nawe unajifanya unajua tofauti. Sheria inasema udongo wote ni wa Leta, lakini aliyechukua pesa yangu hakunipa risiti ya Leta.

Nikakata mabido, yale madumu ya njano, katikati, nikajaza, nikapanda yale maua mekundu ambayo jina lake analijua mama watoto na hataki kuniambia. Mabido sita mstari mmoja mbele ya ukuta. Mkaguzi alipita, akahesabu kwa kalamu, akasema espas ver iko, ingawa ni ya plastiki. Ila, akaongeza, mabido yako yametoka nje ya alinyema.

Yamebaki mawili. Mengine yaliliwa Jumatatu, na udongo juu.

Kwa hiyo, mwenye yule mbuzi mweupe wa pembe moja anayepita kwetu alfajiri akielekea Birere: nakujua, na wewe unanijua. Sina ugomvi na mbuzi. Mfunge mpaka Alhamisi tu, mkaguzi apite. Baadaye mlete hata ndani, nitamwonyesha na choo.