Igogo Jirani na Igoma

Kabati letu la kuchambulia barua hapa Mwanza lina vijumba 24, na miaka yote niliyokaa utarishi hakikuwahi kuwa na lebo hata kimoja. Navijua kama mifuko ya suruali yangu. Kaja bosi mpya, kijana wa kompyuta, anasema ofisi bila lebo ni sawa na mtumba wa kumwaga chini. (Ofisi siitaji, mshahara wa mwezi huu haujaingia.)

Akachapa lebo, akazibandika kwa selotepu, kwa alfabeti. Bugando, Buhongwa, Butimba, Bwiru, safu moja kama wapambe wa harusi. Sasa Bwiru iko kaskazini, inachungulia ziwa. Buhongwa iko kusini huko, njia ya Shinyanga. Alfabeti haipandi daladala.

Balaa ni Igogo na Igoma. Vijumba vyao vinagusana. Jumatatu nimeukwea mlima wa Igogo, nyumba zimeng'ang'ania mwamba kama kupe, jasho linadondokea daftari la dispachi. Mama mwenye nyumba akatafuta miwani, akaivaa, akaisoma bahasha polepole.

"Baba, mbona hapa wameandika Igoma?"

Igoma! Njia ya Musoma! Na nauli niliyopewa ilishaishia kwenye maji ya kunywa.

Nikamwambia bosi lebo zifuate miguu: utoke mjini, Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, ndipo Buhongwa. Akasema basi tutumie postikodi, kila kata ina yake, tarakimu tano. Akachapa upya. Za Mwanza zote zinaanza na 33, na kwa macho yangu haya kabati zima ni 33 tupu.

Sikatai, vibao vya namba za nyumba tulibandikiwa 2022, kabla ya Sensa, na vinasaidia. Lakini mpigie simu mwenye barua umuulize anakaa wapi: "Ukifika kwenye jiwe kubwa, panda." Jiwe kubwa, Mwanza hii!

Juzi mama wa masjala kanionea huruma, kanipa chaki. Chini ya kila lebo nimeandika ninavyojua mimi: Jiwe la Maandazi, Jiwe la Fundi Redio, Jiwe Lenye Mbwa. Jana bosi kaja mbio, anatafuta barua ya mkubwa mmoja wa Igogo, kapekua 33 zake zote, jasho linamtoka kama yule aliyekwea mlima.

"Mzee, iko wapi?"

"Iko kwa Mbwa, bosi."