Jinsi ya Kuchagua Majirani kwa Kalamu

Tuseme uko Marekani, mwaka ni 1920, na hutaki Mmarekani mweusi ahamie mtaani kwako. Usimsumbue diwani. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu iliiambia Louisville kwamba jiji halina ruhusa ya kugawa mitaa kwa rangi za watu. Lakini jiji ndilo lililokatazwa, wewe hukutajwa. Tafuta wakili.

Aandike kwenye hati ya kiwanja kwamba nyumba hii asiuziwe, asipangishiwe wala asiikalie mtu asiye mzungu. Piteni nyumba kwa nyumba mkikusanya sahihi, maana sahihi moja haizuii kitu. Sharti liifuate ardhi: ukifa limbane mrithi, ukiuza limbane mnunuzi.

Hapa usiharakishe. Ongeza maneno haya: isipokuwa watumishi wa nyumbani. Ukisahau, nani atapika? Nani atawaogesha watoto? Mama mweusi anaweza kulala nyumbani kwako miaka na miaka, akajua hata dawa unazomeza, na sharti lisivunjike. Kukaa karibu nawe anaruhusiwa sana. Marufuku ni kuwa na funguo zake mwenyewe.

Serikali nayo haitakutupa. Shirika lake la kudhamini mikopo ya nyumba, lililoundwa 1934, lilipendekeza masharti ya aina hii katika mwongozo wake wa 1938. Mitaa ya weusi ilipakwa nyekundu kwenye ramani, na mkopo ukawa ndoto.

Itafika 1948. Akina Shelley, familia nyeusi ya St. Louis, watakuwa wamenunua nyumba yenye sharti la 1911, na Mahakama ya Juu itasema mahakama za nchi zisilitekeleze. Majaji 3 kati ya 9 watajitoa kwenye kesi bila kutoa sababu. (Hati za nyumba zao zilisemaje? Kisia mwenyewe.) Usikate tamaa, kuandika sharti hakukukatazwa. Andika tu, mpaka sheria ya 1968 ikuzuie.

Kufikia hapo kazi imeshafanyika. Nyumba ya mkopo nafuu imepanda bei, imesomesha watoto, imeachwa kwenye wosia. Mjukuu wako hahitaji kumchukia mtu. Yeye karithi nyumba tu. Akilikuta sharti na likamkera, na kama yuko Minnesota, sheria ya 2019 inamruhusu kusajili tamko kwamba limebatilika. Maneno ya zamani yatabaki kwenye kumbukumbu za ardhi. Nyumba pia atabaki nayo.