Jinsi ya Kuacha Sigara Kila Jumatatu

Mwongozo huu ni wa kijana wa Maua, Kangeta, Runyenjes au Siakago aliyeonja sigara kidato cha pili na sasa anataka kuacha bila kuacha. Ukiufuata barabara, utakuwa na ahadi mpya kila wiki hadi uote mvi.

1. Acha kimyakimya. Chagua Jumatatu, kwa sababu Jumapili usiku bado una ruhusa. Usimwambie mama, wala rafiki asiyevuta. Anayejua huuliza, na anayeulizwa hana budi kujibu.

2. Weka moja ya dharura. Ikiisha, kibandani zipo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inamkataza mwenye duka kukuuzia ukiwa hujatimiza miaka 18, na inamkataza kuuza sigara mojamoja kwa mtu yeyote. Lakini yeye hukuita “mkubwa”, na mkubwa haulizwi kitambulisho.

3. Usihame maskani. Hapa ndipo penye siri. Kwetu sigara haitembei peke yake: Meru inafuatana na miraa, Embu na muguka. Shavu likijaa majani na handas, yaani ulevi wake, ikipanda, mkono huitafuta sigara wenyewe. Basi endelea kukaa palepale na karanga zako, ukisema umeacha sigara tu. Akikuonya mtu, mjibu kwamba Mei 2024 Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku ya muguka iliyowekwa na kaunti za Pwani, na kwamba karo yako imetoka kwenye shamba la muguka. Yote ni kweli, na mapafu yako hayatafaidika na hata moja.

4. Arosto ikisema, itii. Itaanza saa chache baada ya sigara ya mwisho na kupamba moto siku ya pili au ya tatu. Utamkasirikia mwalimu wa hesabu, utamkasirikia hata kuku wa shosho. Utakosa usingizi, utakula sufuria nzima ya githeri, na kitabu hakitaingia kichwani. Si ugonjwa. Ubongo uliozoeshwa nikotini unaidai. Ila kila wimbi la hamu hudumu dakika chache tu, kwa hiyo usithubutu kungoja. Kuna waliokunywa maji, wakaenda kuchanja kuni, na kabla ya gogo la pili hamu ikawa imepita. Dalili nyingi hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne; ukitaka mwongozo huu ukufae, hakikisha umevuta siku ya tatu, ili wiki ijayo uianze tena siku ya kwanza.

5. Kunywa kahawa ileile. Moshi wa sigara hulifanya ini liimalize kafeini upesi. Ukiacha kuvuta, kikombe kilekile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Usipopunguza, utatetemeka na kukesha, kisha utasema sigara ndiyo iliyokuwa ikikutuliza. Wapo waliopunguza kahawa na chai ya jioni wakalala fofofo, hao hawatufai.

6. Badilisha nikotini kwa nikotini. Tafuta vile vifuko vya kubana chini ya mdomo, vyenye ladha ya mnanaa. Havitoi moshi, hivyo mwalimu wa zamu hatanusa kitu, na deni la ubongo litabaki palepale. Usijali kwamba mwaka 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipinga jinsi vilivyosajiliwa nchini. Na usiende zahanati kuuliza kama kuna dawa inayokufaa kwa umri wako. Muuguzi anaweza kukusaidia kweli.

7. Ukiteleza mara moja, lala hapohapo. Umevuta moja kwenye harusi? Malizia pakiti. Usikumbuke kwamba wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu.

8. Usipige 1192. Ni laini ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na anayepokea kazi yake ni kuwasikiliza watu wenye shida hii. Tatizo lake kubwa ni kwamba ni ya bure, kwa hiyo huwezi kusema huna salio. Itabidi utafute kisingizio kingine, na vizuri vyote tumeshavimaliza hapo juu.