Januari ni Mwezi wa Sifuri

TeleDisk ni programu ya DOS iliyotengenezwa na kampuni ya Sydex ya Marekani katika miaka ya 1980. Kazi yake ilikuwa kunakili disketi nzima, sekta kwa sekta, na kuibana iwe faili moja la TD0 ambalo mtu angeweza kulituma kwa modemu badala ya kwenda posta. Mpangilio wa faili hilo ulikuwa siri ya wenyewe. Miaka ikapita, disketi zikaota ukungu, na nakala pekee ya programu nyingi za zamani ikabaki ndani ya TD0. Ndipo anapohitajika mtu wa kuandika maelezo ya umbizo hilo kwa ajili ya hifadhi, yaani mtu wa kukodolea macho baiti mojamoja akikisia aliyezipanga aliwaza nini.

Kazi huanza kwa wepesi wa kudanganya. Baiti mbili za kwanza ni herufi TD. Mchunguzi anaziandika daftarini na kujiona bingwa. Anafungua faili la pili, anakuta td. Si kosa la uchapaji. Herufi ndogo zina maana kwamba kila kitu baada ya baiti 12 za mwanzo kimebanwa upya, tena kwa mbinu iliyobadilika kati ya matoleo: ya zamani yalitumia LZW, ya baadaye LZSS pamoja na Huffman. Jambo zito kiasi hicho limeachiwa ukubwa wa herufi.

Baiti 12 zenyewe zina mambo. Mojawapo hutaja idadi ya pande za disketi: 1 ni upande mmoja, namba nyingine yoyote ni pande mbili. Disketi yenye pande saba, kwa sheria hii, ina pande mbili, na maelezo yanapaswa kusema hivyo bila kucheka. Baiti nyingine hueleza jinsi kichwa cha kiendeshi kinavyoruka kutoka traki hadi traki, lakini biti yake ya juu kabisa imepangishwa kwa mgeni asiyehusika: inaonyesha kama faili lina maoni ya mtumiaji. Anayeisoma baiti hiyo nzima-nzima hupata mruko wa ajabu, na maoni hayaoni.

Pamoja na maoni huja tarehe, na hapo ndipo orodha za hifadhi huharibika. Mwaka umeandikwa kwa kutoa 1900, hivyo 1987 ni 87; hilo halimsumbui mtu. Miezi, hata hivyo, huhesabiwa kuanzia 0 hadi 11, kama lugha ya C inavyopenda. Januari hujifichua yenyewe, maana hakuna kalenda yenye mwezi wa sifuri. Miezi mingine kumi na mmoja hupita kimya: Desemba inasomeka Novemba, Juni inasomeka Mei, na disketi zote za kabati zinazeeka kwa mwezi mmoja bila mlalamikaji.

Kisha kuna namba ya uhakiki, CRC ya biti 16. Mchunguzi hujaribu kwanza polinomia zinazojulikana na wengi, 1021 na 8005 kwa heksadesimali, na hesabu inakataa. Anashuku faili limeoza, anatafuta jingine, nalo linakataa. Polinomia yenyewe ni A097. Akishaijua, mafaili yote yaliyotukanwa kuwa mabovu yanatoka na afya njema.

Jambo zito kuliko yote haliko kwenye baiti zilizopo bali kwenye zisizopo. Ikinakili disketi ya DOS, TeleDisk iliweza kusoma jedwali la mgao na kuziruka sekta zisizotumika. Kwa mtumiaji wa modemu wa enzi hizo, aliyelipia simu kwa dakika, hiyo ilikuwa busara. Kwa mtafiti anayesaka barua ambayo mwandishi aliifuta ni msiba, kwa kuwa yaliyofutwa hukaa humo humo kwenye sekta “tupu”. Bendera ndogo katika kichwa cha sekta husema kwamba sekta imerukwa. Maelezo yasiyoitaja bendera hiyo humfanya mtunzaji aamini ana disketi nzima, kumbe ana sehemu tu.

Maelezo ya TD0 yanayojulikana sana yaliandikwa na Dave Dunfield, mkusanyaji wa kompyuta za kale wa Canada. Ndiye pia aliyetengeneza ImageDisk, programu yenye umbizo lililoelezwa wazi. Faili lake la IMD huanza kwa maandishi ya kawaida: toleo, tarehe, saa, kisha maoni, na mwishoni baiti 1A, ambayo DOS huichukulia kuwa mwisho wa maandishi. Ukilionyesha kwa amri ya TYPE, unasoma maoni na skrini inatulia kabla ya takataka za data kuanza. ImageDisk huja pia na kifaa cha kugeuza TD0 kuwa IMD. Sekta zilizorukwa haziwezi kurudi kwa njia hiyo. Kama disketi yenyewe bado ipo na inasomeka, hunakiliwa upya, safari hii pamoja na sekta zake tupu.