Jinsi ya Kumaliza Marathoni Msalani

Kwa miezi umeamka kabla ya adhana, umenunua viatu vya bei ya mbuzi wawili, na kundi lako la jogging limechoka kuziona picha zako za jasho. Miguu iko tayari, mapafu yako tayari. Tumbo peke yake hukulishirikisha, na Kilimanjaro Marathon imeshabisha hodi. Ondoa shaka. Ukifuata hatua hizi sita, tumbo litashiriki kuliko kiungo kingine chochote.

Hatua ya kwanza: Kula kama unayeagwa. Usiku wa kuamkia mbio, piga pilau, nyama choma na bakuli la maharage. Alfajiri, shushia supu ya utumbo na chapati mbili. Mafuta na nyama havina haraka ya kutoka tumboni, na nyuzinyuzi za maharage zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachua na kutoa gesi. Wenzako watakula wali mweupe jioni, na asubuhi mkate mkavu au ndizi mbivu saa mbili tatu kabla ya kukimbia. Waonee huruma.

Hatua ya pili: Toka mbio kama umeiba. Mtu akiwa amepumzika, matumbo hupata karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo. Ukikimbia kwa nguvu, misuli inaidai damu hiyo, na ngozi nayo inaidai ili ipoze mwili. Mgawo wa matumbo unaweza kupungua hata kwa asilimia 80. Seli za ukuta wa utumbo zinakosa oksijeni, ukuta unaanza kuvuja, na sumu za bakteria zinapenya kuingia kwenye damu. Hapo ndipo kichefuchefu na msokoto wa tumbo huanzia. Ongeza jua la Moshi, kiu, na mtikisiko wa kila hatua, uone supu inavyotafuta njia.

Hatua ya tatu: Kunywa kwa kukomoa. Pita vituo vya mwanzo bila kugusa maji, ili wakuone mwamba. Ukianza kupanda kuelekea Mweka, kunywa chupa tatu kwa mpigo. Wanaopiga mafunda machache machache tangu mwanzo, kwa kadiri ya kiu, hawajui raha ya tumbo linalocheza kama dumu lililojaa nusu. Ila usizidishe utani: maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji.

Hatua ya nne: Jaribu kitu kipya. Mtu usiyemjua akikunyooshea jeli ya nguvu njiani, ipokee. Akiwa nazo tatu, zimeze zote bila maji. Utumbo hupitisha glukosi kiasi cha gramu 60 hivi kwa saa. Fruktosi ina njia yake ya pembeni, ndiyo maana waliozoea kuzichanganya huweza kufika gramu 90. Sukari inayobaki huvuta maji kuingia utumboni, na maji hayo yana njia moja tu ya kutokea. Wakimbiaji wa kulipwa hulizoeza tumbo wiki nyingi kabla, wakila mazoezini kilekile watakachokula siku ya mbio. Wewe zoeza miguu tu.

Hatua ya tano: Meza ibuprofeni kabla goti halijauma. Dawa hii huzuia kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo, kwa hiyo ule ukuta ulionyimwa damu unapigwa mara ya pili. Mwili ukiwa umekauka, hata figo zitajua umemeza kitu.

Hatua ya sita: Usiulize vyoo viko wapi. Mwaka 2005 Paula Radcliffe alichuchumaa kando ya barabara kwenye London Marathon, kamera za televisheni zikimwangalia, kisha akashinda kwa saa 2:17:42. Uta Pippig naye alisumbuliwa na tumbo Boston mwaka 1996, na bado akampita Tegla Loroupe wa Kenya na kutwaa ushindi. Jifariji kwa mifano hiyo. Tofauti ni ndogo: wao walipoteza sekunde chache wakazifidia kwa mwendo, wewe utakuta foleni.

Ukiona damu chooni, au maumivu yakigoma kuisha, mwongozo huu umekoma: nenda hospitali. Kama ni kuendesha kwa kawaida tu, rudi kwenye kundi ukiwa na medali shingoni na umlaumu mama ntilie aliyekuuzia supu. Kwamba kijiwe kizima cha bodaboda kilikunywa supu ileile na wote wako kazini wanabeba abiria, hilo usilitaje.